Mtoto Akiwa Ndani, Nani Anaangalia?



Nataka tuzungumze juu ya neno moja linalotusumbua moyo tangu Noeli ya mwaka 2023. Siku ile tulikwenda, kundi la mama, vijana wa kwaya na wazee wawili, kutembelea watoto waliofungwa katika mji mmoja ambao sitautaja. Tulipeleka unga wa bukari, chumvi, sabuni na samaki wakavu. Tuliandika barua wiki mbili mbele, kama inavyofaa kwa watu wa heshima. Tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiliwa, watoto wamepangwa mistari, wakubwa wa nyumba ile wamevaa vizuri. Tuliimba, tuliomba, mzee akahubiri, mtu akapiga picha. Wakati wa kuagana mtoto mmoja, umri wake kama miaka 13, alimkaribia mama mmoja wa kwetu akamwuliza: «Mama, mutarudia siku gani?» Mama akamjibu kwa furaha, akidhani mtoto amependa nyimbo: «Noeli ingine, mwana wangu.» Mtoto akasema kwa sauti ya chini: «Mubambie mbele siku yenye mutakuya, juu ile siku tunakulaka.»

Yule mama alilia njia nzima ya kurudi. Mimi sikulia, lakini tangu siku ile neno la mtoto halijaniacha. Maana sisi tulidhani tumetimiza kazi. Je, si Bwana mwenyewe aliyesema, katika Matayo 25, kwamba anayemwendea mfungwa amemwendea yeye? Tulikwenda, basi tumemaliza. Kumbe mtoto alituonyesha kwamba tuliona siku moja iliyotengenezwa kwa ajili ya macho yetu, na siku nyingine 364 hatukuziona.

Hili ndilo ulizo langu kwenu: kumtembelea mfungwa na kumwangalia mfungwa, ni kitu kimoja? Na kama si kimoja, je, Mkristo ameagizwa kile cha kwanza peke yake?

Kutembelea ni huruma. Unaleta ulicho nacho, unafariji, unakwenda zako, na hakuna anayekuchukia. Kuangalia ni kitu kingine. Kuangalia ni kuuliza: watoto hawa ni wangapi leo, na jana walikuwa wangapi? Wanalala wapi, na nani anashika ufunguo usiku? Yule mgonjwa ameonwa na munganga siku gani? Sabuni tuliyoleta iko wapi sasa? Maulizo kama hayo yanamchoma mtu. Yanaonekana kama kukosa adabu, tena kama kukosa imani. Ndiyo maana sisi watu wa sala tunapenda kutembelea na hatupendi kuangalia.

Lakini fungueni Matayo 24, sura moja tu mbele ya ile tunayoipenda. Bwana anaeleza habari ya mtumishi aliyewekwa juu ya watumishi wenzake, ili awape chakula kwa wakati wake. Huyu mtumishi akaona bwana wake anakawia, akaanza kuwapiga wenzake, na yeye mwenyewe kula na kunywa na walevi. Bwana wake akarudi siku asiyoitazamia. Tazameni vizuri kazi aliyopewa: chakula kwa wakati. Tazameni kosa lake: fimbo na tumbo. Na tazameni dawa: kurudi pasipo kutuma barua. Sisi tumezoea kuhubiri maneno haya juu ya mwisho wa dunia, na ni haki kuyahubiri hivyo, lakini mimi tangu Noeli ile nayasoma pia kama sheria ya nyumba ambamo mtu dhaifu yumo mikononi mwa mtu mwenye nguvu.

Mtu mmoja ataniambia: ukienda pasipo kutangaza, mtoto yule hatakula siku ile! Ni kweli, na jambo hili limenisumbua kushinda yote. Mtoto mwenyewe aliomba tutangaze. Sahani moja ya bukari kwake ilikuwa na maana kuliko ukweli wetu. Nimelifikiri sana. Kama tunakwenda mara moja kwa mwaka, basi yeye ana haki, heri tutangaze, apate kula. Lakini kama watu wanakwenda mara nyingi, leo hawa, kesho wale, na hakuna ajuaye siku, basi kila siku yaweza kuwa ile siku, na sufuria itabidi iwe motoni kila siku. Kosa letu kubwa lilikuwa kuja mara moja tu, kuliko kuandika barua.

Sasa tuseme kidogo juu ya sheria, kwa sababu wengi wetu hatuijui na tunafikiri ni maneno ya wenye masomo. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto waliokosa. Mwaka 1990, nchi ikiitwa bado Zaïre, serikali ilitia sahihi na kukubali Mapatano ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, yanayosema kwamba mtoto aliyefungwa atengwe na watu wazima. Kisha ikaja sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kumlinda mtoto, ambayo ndiyo inatuongoza mpaka leo. Sheria hii inasema mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa na kosa mbele ya sheria ya adhabu. Aliye na miaka 14 mpaka 18 anapelekwa mbele ya juji wa watoto, kwenye tribinali yake ya pekee, na juji anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, au kumtia kwa mtu au nyumba ya kuaminiwa, au kumpeleka kwenye nyumba ya serikali ya kulinda na kulea. Sikieni majina yale mawili: kulinda, na kulea. Sheria haikusema kuadhibu.

Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema polisi haiwezi kumshika mtu kwenye kasho kupita saa 48 pasipo kumpeleka mbele ya mkubwa wa sheria, na kwamba kila aliyefungwa atendewe kwa namna inayolinda maisha yake, afya ya mwili na ya akili, pamoja na heshima yake. Tena mwaka 1990, mwezi wa Desemba, Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni juu ya vijana walionyang'anywa uhuru. Humo imeandikwa kwamba wakaguzi wasiwe watu wa nyumba ile yenyewe, waweze kuja bila kutangaza, na kila mtoto aweze kusema nao kwa siri. Kumbe jambo ambalo mimi niliona katika Matayo 24, mataifa nayo yameliona.

Basi sheria ipo. Kwa nini mtoto hali?

Wandugu, twendeni kwa Yeremia. Katika sura ya 37 mfalme Sedekia alitoa amri nzuri: Yeremia akae katika uwanja wa walinzi na apewe mkate mmoja kila siku kutoka njia ya waokaji. Hiyo ni sheria kamili, ina mahali na ina kipimo. Lakini katika sura ya 38 tunamkuta Yeremia huyo huyo ndani ya shimo, hakuna maji humo, ni matope tu, naye amezama katika matope. Amri ya mkate haikuzuia shimo. Na mfalme mwenyewe aliwaacha wakubwa wamshike, akisema hawezi kuwapinga. Ni nani aliyemwokoa? Si nabii mwingine, wala si kuhani. Ni Ebedmeleki, mtu wa Kushi, mtu mweusi kama sisi, mtumishi tu katika nyumba ya mfalme.

Tazameni alivyofanya. Alisikia. Hakuishia kusikitika nyumbani kwake. Aliondoka akaenda kwenye mlango wa Benyamini ambapo mfalme alikuwa ameketi, maana yake alimtafuta yule mwenye uwezo wa kubadilisha neno, mbele ya watu. Alisema wazi kwamba watu wale wamefanya vibaya, na kwamba mtu atakufa na njaa. Mfalme akampa watu 30. Kisha, na hapa mimi ninasimama kila mara, kabla ya kwenda kwenye shimo alipita katika ghala akatafuta matambara na nguo kuukuu, akazishusha kwa kamba, akamwambia nabii azitie chini ya makwapa ili kamba zisimwumize. Nani angefikiri makwapa? Kuna watu wanamtoa mfungwa shimoni na kumkata mwili kwa kamba, wakidai shukrani. Ebedmeleki aliuliza si tu kama atatoka, bali atatoka namna gani.

Na kitu kingine tusikisahau. Yeremia, baada ya kutolewa, alibaki katika uwanja wa walinzi. Hakufunguliwa. Ebedmeleki hakuomba afunguliwe, aliomba asife. Nasema hivi kwa sababu ya wale wanaosema: «Ninyi watu wa kanisa munataka kuachilia wezi.» Hapana. Mimi nimeibiwa kinga yangu na mtoto wa miaka 16, namjua jina, na nilimpeleka mimi mwenyewe kwa polisi. Sikujuta. Lakini nilimpeleka ili arudishwe njiani, sikumpeleka ili apigwe usiku na watu wazima. Kuna tofauti kati ya hukumu na shimo. Juji alitoa hukumu. Matope hayakuandikwa katika hukumu. Kila kitu kinachompata mtoto kupita yale juji aliyoandika, ni wizi pia, na mwizi wake hafungwi.

Neno la kwamba nabii anaona rohoni, nalo nitaligusa, kwa sababu sisi ni kanisa la manabii. Nimesikia mzee mmoja akisema: tuombe tu, Roho atatuonyesha kinachotendeka mle ndani, hatuna haja ya kuhesabu sahani. Namheshimu mzee. Lakini Yeremia alikuwa nabii, alionyeshwa kuanguka kwa mji mzima, na bado alizama katika matope mpaka mtu mwenye miguu akaenda kwa mfalme. Unabii haukuondoa kazi ya Ebedmeleki. Na Yosefu, ambaye Mungu alimpa kufasiri ndoto, katika Mwanzo 40 hakuanza na ndoto. Alikuja asubuhi kwa wale wafungwa wawili, akatazama nyuso zao, akaona wamehuzunika, akauliza kwa sababu gani. Macho kwanza, kisha maulizo, na unabii ukaja nyuma.

Tena makanisa yaliyozaliwa katika nchi yetu hayapaswi kuona gereza kuwa neno la wengine. Simon Kimbangu alihukumiwa kufa mwezi wa Oktoba 1921, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30, mbali sana na Nkamba alikozaliwa. Wangapi walipita nje ya ukuta ule kwenda sokoni, kwenda kazini, kwenda kanisani, pasipo kuuliza ni nani yumo? Ninawaza kwamba wengi walikuwa watu wazuri.

Na tusifikiri kwamba hatari ni ya zamani. Katika mji huohuo, kwenye gereza la Kasapa, tarehe 25 mpaka 28 Septemba 2020, kulitokea maasi. Kwa siku tatu wanaume waliofungwa walishika sehemu ya gereza, sehemu ya wanawake ikaungua moto, na makumi ya wanawake walibakwa mara kwa mara. Shirika la Human Rights Watch, lililochunguza habari ile, lilisema kati yao alikuwamo msichana wa umri wa ujana. Siku tatu! Ninajua ni vigumu kusoma maneno haya katika karatasi ya kanisa, na watoto wanaisoma pia, lakini nimeyaacha kwa makusudi. Msichana yule alikuwa chini ya ulinzi wa serikali, maana yake chini ya ulinzi wetu sisi raia. Swala la nani anashika ufunguo, na kama ukuta kati ya wanaume na wanawake unasimama, na kama msichana anachanganywa na watu wazima, si swala la karatasi. Mkaguzi anayeliuliza mwezi wa sita anaokoa mtu wa mwezi wa tisa.

Karibu nasi zaidi, katika jimbo letu la Haut-Lomami, kuna kituo cha Kaniama-Kasese cha Service National, kazi iliyoanzishwa mwaka 1997 wakati wa Mzee Laurent-Désiré Kabila. Tangu mwaka 2020 serikali imepeleka huko mamia ya vijana wa Kinshasa wanaoitwa kuluna, wajifunze kulima, kujenga, useremala na kazi nyingine. Wengi wetu tumeona au tumekula mahindi ya Kaniama. Na ni lazima tuwe wa haki: kumpa kijana jembe na kazi ya mikono ni bora mara mia kuliko yale yaliyotendeka Kinshasa kati ya Novemba 2013 na Februari 2014, katika operesheni iliyoitwa Likofi, ambapo kufuatana na Human Rights Watch polisi waliua vijana na wavulana wasiopungua 51. Mzazi yeyote atachagua mahindi. Wengine wamerudi Kinshasa na ufundi mikononi, na jambo hilo ni la kushukuru.

Lakini tazameni jinsi wageni wakubwa wanavyosifu kituo kama kile. Wanahesabu hektari, wanahesabu tani, wanahesabu madawati ya shule. Yote hayo yanaonekana mchana. Mashirika ya haki za binadamu yaliuliza neno lingine: je, kila kijana alipita mbele ya juji kabla ya kupelekwa mbali hivyo na nyumbani, na je, hakuna aliye chini ya miaka 18 kati yao? Hilo si ulizo la kuharibu kazi. Anayelima vizuri haogopi mtu kuja kuona shamba, na anayelea vizuri, kwa sababu gani aogope mtu kuja kuona mahali pa kulala? Shamba la mahindi haliwezi kulia, ndiyo maana ni rahisi kulikagua. Mtoto anaweza kulia, lakini anaweza pia kunyamazishwa.

Kuna mtu anafikiri: shida hii ni ya nchi maskini, na ya nyumba za serikali. Nyumba ikiwa ya watu wa Mungu, haina haja ya mkaguzi. Wandugu, someni habari ya Ireland, huko Ulaya. Kwa miaka mingi serikali ya kule iliweka maelfu ya watoto maskini, na wengine waliokosa, katika shule za kazi zilizoongozwa na mashirika ya watawa Wakatoliki, wanaume na wanawake walioacha yote kwa ajili ya Mungu. Mwezi wa Mei 2009 tume ya uchunguzi, inayojulikana kwa jina la juji Ryan, ilitoa kitabu kikubwa juu ya mapigo, njaa na uchafu uliofanyika humo. Na juu ya ukaguzi ilisema nini? Kwamba ulikuwapo! Kulikuwa na inspekta. Lakini kazi ya shule zote ilikuwa juu ya mtu mmoja, wakuu wa shule walijulishwa mbele siku ya kuja kwake, na mara chache sana alizungumza na watoto. Aliangalia vitanda na nguo. Kila niliposoma habari hiyo niliona uwanja uliofagiliwa wa Noeli yetu.

Sisemi hivi ili kuwacheka Wakatoliki. Nasema kwa sababu ya neno linalofuata, ambalo ni zito kwangu kuliandika.

Katika miji yetu kuna watoto wanaofungwa pasipo juji, pasipo polisi, pasipo kaye ya majina. Ni wale wanaosemwa ni walozi. Baba amepoteza kazi, mama amefiwa, mtoto anakojoa usiku au ana kifafa, nabii mmoja anasema ni yeye. Mtoto analetwa katika uwanja wa sala akae humo mpaka apone. Anafungishwa njaa, wanaita ni kufunga na kuomba. Wengine wanafungwa kamba. Katiba, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya mwaka 2009 inatoa adhabu kwa anayefanya hivyo. Na mtoto anayekimbia uwanja ule anaishia njiani, anakuwa shege, anaiba mkate, anashikwa na polisi. Kisha kwenye Noeli sisi tunakwenda kumwimbia. Ni nani aliyemtia ndani mara ya kwanza?

Kama tunataka kuuliza wakubwa wa gereza maulizo ya usiku, tuanze nyumbani. Kila uwanja wa sala ambamo mtoto analala mbali na wazazi wake ni mahali pa kuangaliwa, na mtu wa kuangalia asiwe mwenye uwanja, wala ndugu yake, wala anayekula sadaka yake. Nasema hivi nikijua kwamba wengine watakasirika. Heri hasira yao kuliko kilio cha yule mdogo. Jina la mahali petu, Katoto, masikioni mwetu ni mtoto mdogo kabisa. Basi tusipokuwa na macho sisi, nani atakuwa nayo?

Ubishi mmoja wa mwisho, ambao ni wa kweli kuliko yote: walinzi wenyewe wana njaa. Wengine hawaoni mshahara miezi mingi, na mlinzi mmoja mwenye watoto saba nyumbani amewekwa mbele ya gunia la unga la wafungwa. Ukimkagua bila kumsikiliza, umemwongezea mzigo tu. Nakubali. Ebedmeleki alijua kwamba mkate umekwisha katika mji mzima, alisema hivyo mbele ya mfalme. Kwa hiyo anayeangalia vizuri anaandika pia kaye ya mlinzi: hajalipwa tangu lini, yuko peke yake na watoto wangapi usiku, pampu ya maji imekufa siku gani na aliomba kwa nani itengenezwe. Mara nyingi mlinzi mwema ndiye anayemfurahia mkaguzi kushinda wote, kwa kuwa amepiga kelele miaka na hakuna aliyemsikia. Ila umaskini unaeleza kwa nini sahani ni tupu. Hauelezi fimbo. Hauelezi kwa nini msichana amelazwa penye wanaume.

Mwezi wa Februari 2024 tulirudi, watu watatu tu, pasipo barua. Kwanza tulikuwa tumefundishwa na avoka mmoja aliyetusaidia bure, na mafundisho yake nayaandika hapa kwa sababu yana faida. Alisema: msimwite mtoto mmoja kando ninyi mkiwa mmesimama uwanjani, kwa maana mkishaondoka yeye ndiye atakayelipa. Ongeeni na wote, mmoja mmoja, kila mmoja dakika sawasawa, hata yule asiyesema neno, ili asijulikane nani amesema. Msiahidi kitu msichoweza. Tazameni choo na maji kabla ya kutazama ofisi. Ombeni kuona kitabu cha kuingia, linganisheni majina na vichwa. Na kubwa kuliko yote, rudini upesi, katika siku chache, muone kama kuna aliyepigwa kwa ajili yenu.

Tulisimamishwa mlangoni karibu saa mbili. Uwanja haukufagiliwa. Chungu kilikuwa baridi, na ilikuwa saa nane mchana. Mkubwa wa nyumba hakukasirika kama tulivyoogopa. Alichoka tu, akatuonyesha barua tatu alizoandika akiomba chakula, hazikujibiwa. Alituachia kitabu. Yule mtoto wa Noeli alikuwamo, amekonda. Katika kitabu, mbele ya jina lake, imeandikwa: miaka 18.

Mama yule aliyelia alimwuliza wazazi wake walisali wapi. Akataja parokia moja ya kwetu, kwenye njia ya reli. Mzee wetu wa pale alitafuta katika kaye ya kubariki watoto, ile tunayoiandika kwa kalamu ya bluu na ambayo wengi wetu tunaiona kama kazi ya kupoteza wakati. Kwa kuwa baba yake hakuandikisha kuzaliwa kwake kwa serikali katika siku 90 za sheria, hakukuwa na karatasi nyingine duniani inayosema mtoto huyu ni nani. Jina lilikuwamo: alizaliwa mwezi wa Agosti 2010. Miaka 13.

Mzee alinakili ukurasa, akapiga muhuri wa kanisa, akapanda treni. Karani wa juji wa watoto aliipokea karatasi siku ya ine na kuandika namba juu yake. Siku ya tano asubuhi tulikuwa tena mbele ya mlango wa gereza, na hatukuwa tumemwambia mtu.